Undine na Warushaji Wake Wawili

Asubuhi ya mwisho tuliyokuwa wawili, Undine alikaa barazani akimenya mbaazi, bakuli mapajani, maganda yakianguka ndani ya ndoo. Mimi nilikuwa natengeneza mguu wa kiti. Redio ilikuwa inatangaza kriketi kutoka ng'ambo. Mtangazaji akasema kijana wetu mmoja ndiye mrushaji mwenye kasi kuliko wote waliowahi kutoka kisiwa hiki.

Undine akasonya. Ulikuwa msonyo mrefu, ule ambao ungemfanya muuza samaki apunguze bei kabla hajaambiwa.

"Kila mwaka wanaye mmoja," akasema. "Aliye hai ndiye mwenye kasi siku zote. Maiti atashindana naye vipi?"

Nikamwambia kijana ana kasi kweli, mashine imempima. Akaniuliza mashine hiyo ilikuwa wapi mwaka wa hamsini na nane. Nikaendelea na kiti changu. Mchana tukala wali na zile mbaazi. Jioni akapiga pasi nguo zake za kanisani, akazitundika mlangoni.

Kesho yake hakuamka.

Redioni walimtangaza kama wanavyotangaza wote. Undine Babb, wa ukoo wa Catwell kwa kuzaliwa, wa Mount Hopeful, parokia ya St. Lucy. Mpishi wa zamani wa shule. Mke wa Darnley, mama wa Hartley, dada wa marehemu Clairmonte wa Reading, Uingereza. Yote ni kweli. Lakini mtu asiyemjua angedhani alikuwa mpishi tu. Hawakusema kwamba katika Mount Hopeful nzima, yeye peke yake ndiye aliyesimama na gongo la kupigia mpira mkononi mbele ya Clairmonte na pia mbele ya Hartley. Kwetu hilo si jambo dogo.

Alizaliwa katika nyumba ya mbao pembeni mwa mashamba ya miwa, nyumba ya kufungua na kupakia kwenye gari mwenye shamba akikufukuza. Baba yake alikuwa mkata miwa. Clairmonte alikuwa kaka yake, amempita miaka miwili. Clairmonte alianza kurusha mpira kabla hajavaa viatu. Wavulana wa kijiji wakawa wanamkimbia. Wakisikia Clairmonte anataka kurusha, huyu ametumwa na mama yake, yule mbuzi wake amekata kamba. Akabaki hana wa kumrushia ila dada yake.

Basi Undine akawa anasimama malishoni na gongo la kuti la mnazi, gauni limekunjwa na kufungwa kiunoni, analinda debe la mafuta ya taa lililosimamishwa badala ya vijiti vya wiketi ambavyo mrushaji hulenga. Nyusi yake ya kushoto ilikuwa na alama. Ukimuuliza anasema, "Hii ni ya Clairmonte." Kiwiko cha kulia kilikuwa na alama nyingine. "Na hii ni ya Hartley." Wazee wa dukani kwa Blenman walizoea kumuuliza ipi iliuma zaidi, wakidhani watampata. Aliwajibu kwamba iliyouma zaidi ni ya daktari wa meno.

Mimi nilimjua kupitia kaka yake. Clairmonte alipoingia timu ya klabu nilikuwa mlinda wiketi wake, ninayechutama nyuma ya mpigaji kudaka mpira ukipita. Mpira wake haukuwa unapita, ulikuwa unawasili. Vidole vyangu viwili vimepinda mpaka leo, ni kazi yake. Jumamosi moja kidole kilitoka mahali pake, na dada yake aliyekuwa akigawa chai kwenye kibanda cha klabu akakishika, akakivuta kikarudi, akakifunga kwa kitambaa cha kukaushia vyombo. Akaniambia, "Wiki ijayo simama nyuma zaidi." Wiki iliyofuata nilisimama palepale. Tukaoana mwaka wa sitini.

Alilima miwa na kina mama mpaka akapata kazi jikoni shuleni. Kila Jumamosi ya mechi alipika chakula cha klabu. Wapigaji aliwapa chochote watakacho. Warushaji wa kasi aliwapimia. Alikuwa na msemo wake: mrushaji akila ugali mchana, jioni atarusha ugali. Nilimwona akimnyang'anya mtu mzima sahani, seremala mwenye watoto watano, na yule seremala akasema asante.

Clairmonte walimwita Buruta. Nieleze hapa, maana ugomvi wote ulitoka hapo. Zamani zile sheria ya kriketi iliangalia mguu wa nyuma wa mrushaji. Mguu huo ukitua nyuma ya mstari, umepona. Clairmonte alitua nyuma ya mstari vizuri kabisa, kisha akauburuta ule mguu mbele, mpaka mpira unamtoka mkononi yuko karibu na mpigaji kuliko unavyopenda. Kiatu chake cha kulia fundi alikipiga bati puani, na bati likaisha. Ampaya hawakusema kitu, kwa kuwa sheria iliruhusu. Baadaye wakubwa wakaibadilisha, wakaanza kuangalia mguu wa mbele. Lakini Clairmonte alikuwa amekwisha kwenda Uingereza kuendesha mabasi.

Hartley wetu alizaliwa mwaka wa sitini na moja. Huyu alikua akimrushia mama yake uani, ukuta wa jiko ndio wiketi. Undine alikuwa akipiga huku sufuria iko motoni. Nikirudi kutoka kiwandani nawakuta, naambiwa ningoje, Hartley bado mipira miwili. Alipofika umri wa kuchezea klabu alikuwa mrefu kama nguzo ya taa, na mpira wake ulipanda kutoka chini kama kitu kilichokanyagwa. Wakati huo wapigaji walikuwa wameanza kuvaa kofia ngumu. Walifanya vyema.

Basi dukani kwa Blenman kukawa na vyama viwili. Kisiwani kote wanabishana hivyo, huyu na Hall na Griffith wake wa zamani, yule na Marshall na Garner wake wa baadaye, mpaka rum inakwisha. Kwetu walibishana Buruta na Hartley. Wazee walisema Buruta alirusha kwenye kiwanja kisichofunikwa, mvua ikinyesha imenyesha, na bado aliwavunja. Vijana walisema Hartley amewapata wapigaji waliofundishwa, wenye magongo mazito na kofia, na bado aliwatoa. Blenman aliegemea upande wowote uliokuwa bado haujanunua. Mwisho wa yote mtu mmoja husema, "Tukamuulize Undine." Naye Undine, akipita na kikapu chake, hujibu kwamba ameacha chungu motoni. Alikuwa na chungu motoni hata akitoka kanisani.

Mwaka wa themanini na tano Clairmonte alikuja likizo. Jumamosi hiyo Hartley alirusha kuliko siku yoyote ya maisha yake. Aliwatoa sita, wa mwisho akatembea kuondoka kabla ampaya hajainua kidole. Mjomba mtu alikuwa ameketi na koti lake la Uingereza, anatazama. Baadaye duka likajaa. Blenman akauliza mbele ya watu wote: "Haya Buruta, umemwona mpwa wako. Unasemaje?"

Hartley alikuwa amesimama mlangoni, jasho halijakauka. Namjua mwanangu. Alikuwa anangoja neno moja tu.

Clairmonte akaizungusha glasi yake. "Ana kasi," akasema. "Lakini kumrushia mtu aliyevaa sufuria kichwani, hata mimi ningecheka nikirusha."

Watu wakacheka. Ingekuwa siku nyingine, Hartley naye angecheka.

"Mjomba," akasema, "wewe ulikuwa unaburuta mguu mpaka unaingia jikoni kwa mpigaji. Ungemkabidhi tu ule mpira mkononi. Ule haukuwa urushaji, ulikuwa wizi."

Wakacheka zaidi. Clairmonte akaiweka glasi chini, haijaisha, akatoka. Mtu wetu akiacha rum kwenye glasi ujue jambo limeharibika.

Kutukanana si kitu kwetu. Mtu anaweza kuitwa punda asubuhi na mchana mkala pamoja. Lakini Clairmonte alikuwa mlinzi wa sanduku la sadaka kanisani kwake Reading, na neno mwizi lilimkaa kooni. Hartley naye alishindwa kulimeza lile la sufuria. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Clairmonte akija likizo alifikia kwa binamu. Akija kwetu kumwona dada yake, Hartley anatoka kwa mlango wa nyuma. Sahani ya mmoja ikiwekwa, ya mwingine inaondolewa. Undine alipika mara mbili, akaosha vyombo mara mbili. Nilimsikia akivunja kuni kwa nguvu kuliko kuni zilivyohitaji.

Ikapita zaidi ya miaka ishirini. Hartley akaacha kurusha, akawa fundi wa mitambo, akanenepa. Clairmonte akastaafu mabasi.

Kisha akaja tena, akiwa na fimbo. Alimwambia dada yake kwamba moyo wake hautaki tena ndege, daktari amekataza, safari hii ya sasa ameiba ruhusa. Hatakuja tena. Undine akaja kunieleza nikiwa nakata majani nyuma ya nyumba. Alisimama hapo na mikono yenye unga.

"Jumapili wanakula hapa," akasema. "Wote wawili. Meza moja, wakati mmoja."

Nikamuuliza kama wamekubali.

"Hawajui."

Jumapili akapika toka alfajiri. Ugali wa bamia, samaki wa kuruka kwenye mchuzi, makaroni ya kuoka, shelisheli la ndimu na pilipili. Clairmonte akafika kwanza, suti, tai, fimbo. Akaketi barazani. Baadaye kidogo Hartley akaingia kwa lango la mbele, kwa kuwa mama yake alikuwa amefunga la nyuma kwa kufuli. Alipomwona mjomba wake akasimama, akageuza mguu.

"Hartley," Undine akaita kutoka ndani, hajatoka hata kuchungulia. "Ukienda na mimi naenda na wewe, na chakula hiki kitaliwa na mbwa wa Blenman."

Akaketi. Mmoja mwisho huu wa baraza, mmoja mwisho ule, mimi katikati. Hawakusalimiana. Nilisema kuna joto. Kila mmoja akaniitikia mimi.

Kisha Clairmonte akasema, "Shemeji, mwambie mwanao viti siku hizi vinalia. Zamani watu walikuwa wembamba."

Nikamtazama Hartley. Alikuwa amesikia, yuko hatua chache tu. Lakini alingoja mpaka nikamwambia. Kisha akasema, "Baba, mwambie shemeji yako kiti hiki nimekinunua mimi. Sikukiburuta kutoka kwa mtu."

Nikapeleka. Ikaja nyingine kuhusu watu wanaokwenda kazini na sufuria kichwani. Nikapeleka hiyo pia. Wakaingia kwenye kiwanja kisichofunikwa, wakaingia kwenye sheria ya mguu wa mbele, yote kupitia kwangu. Nilikuwa nageuza shingo kama anayetazama watu wakicheza tenisi ya barabarani. Ugomvi ulikuwa uleule wa duka la Blenman, ila sasa ulikuwa na tarishi. Kila mmoja alikuwa sawa kwa wakati wake, na hakuna njia ya kumweka Clairmonte wa hamsini na nane mbele ya Hartley wa themanini na tano.

Undine alikuwa anasikia. Akatoka jikoni. Alikuwa ameshika kibao kidogo cha urefu wa kiganja na nusu, na kimpira cha kizibo kilichozungushiwa vipande vya tairi la ndani la baiskeli. Mkononi mwingine alikuwa na magunia matupu ya unga.

Mkiona nimecheka ninapoandika, ni hapa.

Watoto wetu wote wanajua kriketi ya magoti. Mnacheza uani au barabarani mahali pembamba, mpigaji yuko magotini, mrushaji yuko magotini, mpira unarushwa kwa mkono wa chini, unadunda mara moja. Hakuna kukimbia, hakuna kofia, hakuna kiatu. Atakayemtoa mpigaji ndiye anayechukua kibao. Undine utotoni alikuwa malkia wa mchezo huo mpaka kijiji cha Checker Hall.

Akaweka chupa ya soda ukutani iwe wiketi. Akachora mstari kwa chaki kwenye saruji. Akatandika gunia, akapiga magoti, mwanamke wa miaka sitini na nane na aproni yake.

"Nyinyi mnataka kujua," akasema. "Kijiji kizima kinataka kujua. Haya. Hapa hakuna mguu wa mbele wala wa nyuma, miguu yote imekunjwa. Atakayenitoa nitamtaja kuwa ndiye mkubwa, na Jumatatu nitakwenda kusema dukani kwa mdomo wangu. Lakini hali mtu chakula mpaka nitoke."

Clairmonte akasema ana suti. Undine akasema suti zina magoti. Hartley akasema mama, jua. Undine akasema jua hilohilo lilikuwapo Hartley alipokuwa akimrushia mpira uani na sufuria iko motoni.

Wakashuka. Clairmonte alihitaji magunia mawili na bega langu. Hartley aliposhuka suruali ilitoa mlio, tukanyamaza wote kwa heshima. Mimi nikawa ampaya.

Mjomba akaanza. Mkono ulikuwa bado upo. Mpira ulidunda karibu na goti la Undine, ukakata kuelekea kwenye chupa. Akauzima kwa kibao, tok, ukafa palepale. Hartley akafuata, wa juu, ukipanda kuelekea kifuani. Undine akainamisha kichwa, ukapita, akasema, "Huo nimeujua tangu una meno ya maziwa." Mjomba tena. Tok. Mpwa tena. Tok. Harufu ya mchuzi ikaanza kutoka dirishani.

Blenman akapita njiani na Biblia yake kutoka kanisani, akasikia, akaegemea uzio. Hakuondoka tena. Akaniuliza ninalipwa kiasi gani kwa uampaya huu, akauliza kama anaweza kuweka dau. Undine akamwambia anyamaze, yuko mahali patakatifu.

Walirusha mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye mstari. Clairmonte alikuwa ametupa tai. Hartley alikuwa anahema. Bado walikuwa wakisemezana kupitia kwangu, ila sasa nilikuwa nachelewa kufikisha, maana nami nilikuwa na njaa.

Kisha Hartley akajivuta. Alitaka kuutupa kwa nguvu, akajiinua, na goti lake la kulia likateleza mbele kwenye saruji. Likavuka mstari. Likaacha alama ya chaki ndefu, mbali, upande wa mama yake. Chupa haikuguswa, lakini sote tuliiona alama.

Clairmonte akaitazama. Akaniambia, taratibu sana, "Shemeji, mwambie mwanao goti limeingia jikoni."

Sikufikisha. Hartley alikuwa anaitazama ile chaki kwenye suruali yake ya kanisani. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kumbe linakwenda lenyewe, mjomba," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu siku ile ya dukani.

"Linakwenda lenyewe," Clairmonte akasema. "Mtu ukitaka kitu sana, mguu unatangulia."

"Nilisema neno baya siku ile."

"Nililisikia." Akapangusa uso kwa kitambaa. "Na wewe siku ile uliwatoa sita. Ule mpira uliomtoa wa tatu, mimi singeuweza. Nilipaswa kusema hilo kwanza, sufuria ikafuata."

Undine aligonga kibao chini mara mbili, kama mpigaji anayengoja. "Mimi bado nipo," akasema.

Sasa wakaanza kunong'onezana, vichwa viwili pamoja, kipara na kipara. Nilisikia Clairmonte akimwambia kwamba dada yake tangu utoto hana subira na mpira unaokwenda nje mkono wa kushoto, lazima aufuate. Hartley akamwambia basi mjomba sogea pale, karibu, mimi nitautupa huko. Undine akauliza kama wanapanga harusi. Clairmonte akasogea na magunia yake.

Hartley akautupa nje, juu kidogo. Undine alijua. Mimi nilimwona anajua. Lakini mkono ukaufuata, ukagusa ukingo wa kibao, mpira ukaruka pembeni. Clairmonte, mtu wa miaka sabini aliyekatazwa ndege, akajirusha ubavu na kuudaka kwa mkono wa kushoto. Akalala pale.

"Umekufa?" Undine akamuuliza.

Mkono ukainuka na mpira ndani yake.

Nikainua kidole. Ametoka. Blenman akapiga uzio kwa Biblia. Hartley akamwinua mjomba wake kwa makwapa kama mtoto, wakashikana pale, wote wawili wana vumbi la unga.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi wa pili. Hartley akasema ni wake, kwa sheria ya klabu aliyerusha ndiye aliyetoa. Clairmonte akasema hii si klabu, hii ni kriketi ya uani, na uani aliyedaka ndiye anayechukua kibao, Mungu mwenyewe anajua. Hartley akasema bila mpira wake angedaka nini, nzi? Clairmonte akasema bila mkono wake mpira ungekuwa Checker Hall. Wakaniuliza mimi. Nikasema ampaya amemaliza kazi yake.

Wakaingia nao ndani, ule ugomvi, bila kuacha. Walinawa mikono kwenye bakuli moja wakibishana. Blenman akaja nyuma yao bila kualikwa na chupa ya rum aliyoitoa sijui wapi siku ya Jumapili. Clairmonte akaketi upande wa mlango. Hartley alitaka kuketi karibu naye ili amalize hoja yake, lakini nafasi ilikuwa ndogo, tumbo halipiti, akabaki amesimama nyuma ya kiti anasema juu ya kichwa cha mjomba wake.

Undine akaweka ugali mezani. Alikuwa bado na alama za gunia magotini. Blenman akamkumbusha ahadi yake mbele ya wote. Akasema ametoka, shahidi ni yeye, sasa amtaje. Nani mkubwa, Buruta au Hartley. Hata wale wawili wakaacha kubishana, maana kwa hakika walitaka kujua.

Undine akafuta mikono kwenye aproni. Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. Akasema:

"Mmoja nimezaliwa naye, mmoja nimemzaa, na mnataka nichague kwa tumbo tupu. Kaka, sogeza kiti, mpwa wako apite."